Si Uvivu, ni Mtaa

*Mazungumzo na wanafunzi wa shule za upili*

Leo tuzungumze juu ya mazoezi. Najua wengine mmeshaanza kuguna: "Aah, huyu naye atatuambia tukimbie!" Ngojeni kwanza. Nina swali moja: je, kijana asiyefanya mazoezi ni mvivu?

Shirika la Afya Duniani linasema kijana wa umri wenu anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za kuuchangamsha mwili mpaka moyo upige haraka. Kutembea kwa kasi, kucheza mpira, kuruka kamba, kucheza densi, yote yanahesabika. Moyo na mifupa huimarika, usingizi huja vizuri, na hata masomo huingia kichwani. Lakini mwaka 2016, kati ya kila vijana 100 duniani wa miaka 11 hadi 17, 81 hawakufikisha kiasi hicho. Kwa wasichana walikuwa 85, kwa wavulana 78. Jamani, wote hao ni wavivu?

Hebu twende Nairobi, kwenye barabara ya Thika. Upande mmoja ni Muthaiga: nyumba zenye bustani, miti, na uwanja wa gofu. Upande wa pili ni Mathare: mabanda yamebanana hadi ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Kijana wa Muthaiga akitaka kukimbia, anafunga kamba za viatu tu na kutoka. Wa Mathare atakimbilia wapi?

Si kwamba amekaa bure. Anachota maji, anatembea kwenda shule. Kazi anayo, mchezo ndio hana. Zifikirieni sababu zake:

Nafasi. Kiwanja kikionekana, kesho kimejengwa au kimejaa takataka na chupa zilizovunjika.

Usalama. Jioni kuna giza, na barabarani magari hayamngojei mtu. Mzazi anayemwambia binti yake "usitoke" hana ubaya, anaogopa.

Wakati. Msichana akitoka shule anangojewa na vyombo, maji na mtoto wa kubeba. Saa ya kucheza ataitoa wapi?

Pesa. Viatu, nauli, kiingilio: vyote vinataka shilingi.

Kwa hiyo tusimcheke mtu kabla hatujautazama mtaa wake. Lakini pia tusikae tukilia. Hapo hapo Mathare, mwaka 1987, kilianzishwa chama cha michezo cha vijana, MYSA. Walifanya jambo la akili: timu haikupata pointi kwa kushinda mechi peke yake. Ilipata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa pia! Vijana wakazoa takataka, wakazibua mitaro, halafu wakacheza. Baadaye wasichana nao wakapata ligi yao. Na timu iliyozaliwa huko, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Haya, nanyi je? Fanyeni hivi:

1. Tembeeni mtaani mhesabu nafasi zilizobaki. Andikeni ziko wapi na zina tatizo gani.
2. Mwombeni mwalimu mkuu uwanja wa shule ufunguliwe Jumamosi, pamoja na mtu mzima wa kuwaangalia. Na kipindi cha mazoezi kisigeuzwe kuwa cha hesabu.
3. Kiwanja kikitaka kunyakuliwa, msinyamaze. Nendeni pamoja na wazazi kwa chifu na kwa mwakilishi wa wadi.
4. Wavulana, osheni vyombo! Dada yako akipumzishwa nusu saa, naye atacheza.
5. Mpira wa makaratasi, kamba ya katani, mchezo wa kati: hivi havihitaji pesa.

Mwili wako ni wako, lakini kiwanja ni cha wote. Kikipotea, hata mwenye bidii atabaki ameketi mlangoni. Basi jioni ya leo, kabla hujamwita mwenzako mvivu, muulize: "Kwenu mnachezea wapi?"