Honi ya Treni na Jirani wa Reli

Treni ya mjini ilipoanza Dar es Salaam Oktoba 2012, kati ya Stesheni na Ubungo, abiria walishangilia. Jirani wa reli akaongezewa honi alfajiri na jioni. Akilalamika, ana haki. Kumlaumu dereva ndiko kukosea. Treni hata ikifungwa breki huserereka mbali, na haina pa kukwepea. Kilichobaki ni honi, hasa kwa bodaboda anayepenya kwenye makutano ya reli na barabara huku treni anaiona. (Wapo, tunawajua.) Reli mpya ya SGR haina kero hiyo ya makutano: ina uzio, nayo hukatiza barabara kwa madaraja. Reli ya zamani ipatiwe mageti yanayofungwa kweli, ndipo tujadili kupunguza honi za usiku.