Kabla ya Kupiga Kafi, Uliza Maji

Msikilizaji, unapanga kwenda Jinja, Uganda, kupiga kafi kwenye maji ya kasi ya Mto Nile? Mto ni mpana, na mandhari yake yanapendeza. Lakini kabla ya yote, uliza hali ya maji.

Kwa nini uulize? Nile ya Jinja ina mabwawa ya umeme. Mabwawa yakifungulia maji, mto hupanda hata kama mvua haijanyesha. Tena, bwawa la Bujagali limefunika maporomoko yaliyokuwa maarufu. Ramani ya zamani itakupoteza.

Basi fanya hivi. Asubuhi ya safari, muulize kiongozi wenu: leo maji yakoje? Tutaingilia wapi, na tutatokea wapi? Vaa jaketi la kuokoa maisha, ufunge vifungo vyote. Vaa na kofia ngumu.

Ukitumbukia, usijaribu kusimama. Mguu ukinasa kwenye mawe, maji yatakuzamisha. Lala chali, miguu mbele, umsikilize kiongozi.

Mwambie mtu wa nyumbani saa utakayorudi.

Kumbuka, msikilizaji: uliza maji kwanza. Usipopata jibu, usiingie mtoni.