Bata Mwitu na Sumu ya Marisau

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo linalohusu kazi yangu, kwa sharti kwamba nisizidishe nusu saa, maana chakula kiko tayari. Kazi niliyoifanya tangu niondoke hapa ni uganga wa mifugo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kupasua mizoga ili kujua kilichomwua mnyama. Nimechagua basi kuzungumza juu ya bata mwitu na madini ya risasi. Najua wapo watakaonong'ona, "Bata tu?" Nawaomba wavumilie kidogo.

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni kile kinachotoka katika bunduki, na risasi ni madini yenyewe, yale mazito na laini. Mtu akisikia kwamba bata ameuawa kwa risasi, hufikiri juu ya mwindaji na mlio wa bunduki. Mimi nataka kusema juu ya bata ambaye hakupigwa kabisa, lakini risasi ikamwua.

Wawindaji wa ndege hutumia bunduki ya marisau. Risasi moja ya bunduki hiyo huweza kubeba chembe zaidi ya 200, kila moja ndogo kama punje ya mtama. Chembe chache humpata ndege. Zilizobaki huanguka majini na kuzama katika tope. Zinakaa hapo miaka mingi, na kila msimu wa uwindaji huongeza nyingine. Haba na haba hujaza kibaba.

Vijana wa somo la biolojia watanikumbusha kwamba bata hana meno. Humeza changarawe, zikakaa katika firigisi, nazo ndizo zinazosaga chakula chake. Akitafuta changarawe au mbegu katika tope, huokota marisau pia. Firigisi husaga chembe hiyo, asidi ya tumbo huiyeyusha, na risasi huingia katika damu. Huko huzuia kimeng'enya kinachohitajika ili mwili utengeneze damu, nayo damu hupungua. Hudhuru mishipa ya fahamu. Hujificha katika mifupa, maana mwili huidhania kuwa ni kalisi.

Dalili zake zinajulikana. Bata hulegeza mabawa yakaning'inia kama paa la nyumba. Kinyesi chake huwa cha kijani. Misuli ya njia ya chakula hupooza, hata chakula kikasimama kooni wala kisishuke. Hivyo ndege hufa kwa njaa, koo lake likiwa limejaa chakula. Kwa kawaida hufa baada ya wiki mbili au tatu, amekonda hata mfupa wa kifua umechongoka kama kisu. Chembe moja yaweza kutosha, hasa kwa bata anayekula mahindi matupu.

Sasa nifike penye jambo lenyewe. Huko Marekani habari hii iliandikwa waziwazi mwaka 1894, na George Bird Grinnell, katika gazeti lililosomwa na wawindaji wenyewe. Lakini amri ya kukataza marisau ya risasi katika uwindaji wa bata nchini humo kote haikukamilika mpaka mwaka 1991. Hesabuni wenyewe: miaka 97. Ilikuwaje watu wajue, wasitende?

Sababu ya kwanza ni kwamba mizoga haikuonekana. Bata mgonjwa hujificha katika matete, na kabla hajaoza huliwa na mbweha au tai. Mwindaji alizunguka ziwa zima asione bata aliyekufa, akasema hakuna tatizo. Wala hakuwa mwongo, alisema alichokiona.

Aliyeifanya hasara hiyo ionekane ni mtaalamu mmoja wa jimbo la Illinois, Frank Bellrose. Alipasua firigisi za bata maelfu kwa maelfu, akahesabu zenye marisau. Tena aliwakamata bata hai, akawalisha baadhi yao chembe za risasi na wengine asiwalishe, akawavisha wote pete za miguuni na kuwaachilia, ili alinganishe hatima yao. Mwaka 1959 alitoa makadirio yake: katika kila bata 100 wa Amerika ya Kaskazini, wawili au watatu hufa kila mwaka kwa sumu hii. Jumla yao ni kati ya milioni 1.6 na milioni 2.4.

Sababu ya pili ni kwamba kuacha risasi kulikuwa na gharama, na haifai tuwacheke wawindaji kwa hilo. Badala yake ilikuwa chuma, nacho ni chepesi kuliko risasi. Chembe ya chuma hupungukiwa nguvu mapema, basi mwindaji hana budi kutumia chembe kubwa zaidi na kusogea karibu. Wengi waliogopa kwamba bata watajeruhiwa na kwenda kufia mbali. Wenye bunduki za kale waliogopa kuharibu mitutu. Mabishano yakawa makali, mpaka ikadhihirika kwamba hata tai, yule aliye katika nembo ya taifa lao, alikuwa akifa kwa kula bata wenye risasi mwilini. Hapo sheria ikasogea.

Je, ilifaa? Wataalamu walichunguza bata wa bonde la mto Mississippi waliowindwa mwaka 1996 na 1997. Walikadiria kwamba vifo vya sumu ya risasi kwa aina moja ya bata walio wengi huko vimepungua kwa asilimia 64, na kwamba katika mwaka 1997 peke yake bata milioni 1.4 wa bara hilo walinusurika. Na uwindaji haukufa; watu huwinda bata mpaka leo.

Ndugu Mwenyekiti, mtu aweza kuuliza haya yatuhusu nini sisi. Wako bata wanaozaliana Ulaya na Asia, wakaja kukaa katika maziwa yetu baridi inapoingia kwao. Mmojawapo ni yule mdogo ambaye dume lake lina utepe mweupe juu ya jicho. Njiani hula katika vinamasi vya nchi nyingi. Kwa ajili ya ndege kama hao ulifanywa mkataba mjini The Hague mwaka 1995, na Tanzania, Kenya na Uganda zimo. Mkataba huo ulizitaka nchi zijitahidi kuacha marisau ya risasi katika vinamasi ifikapo mwaka 2000. Nchi za Umoja wa Ulaya zimechelewa: katazo lao la pamoja lilianza kutumika Februari 2023.

Tena liko jambo la karibu zaidi. Ninyi mliokulia kando ya ziwa au pwani mnazijua chubwi za nyavu na mishipi. Huko Uingereza ndege wakubwa weupe wa jamii ya bata walikuwa wakifa kwa kumeza chubwi ndogo za risasi, mpaka zilipokatazwa mwaka 1987. Hapa kwetu wako watu wanaoyeyusha betri kuukuu za magari juu ya jiko la mkaa, uani, watoto wakichezea hapo hapo. Kinachozuiwa katika damu ya bata huzuiwa pia katika damu ya mtoto, na ubongo wake hudhurika. Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango cha risasi kisicho na madhara. Na mtoto huyo haonyeshi mabawa yaliyolegea. Pengine ataonekana tu kuwa mzito wa kujifunza, naye atachapwa kwa hilo.

Vijana, bata hawa hawakuokolewa na mtu mwenye sauti kubwa. Waliokolewa na mtu aliyekaa mezani na kisu, akafungua firigisi moja baada ya nyingine, akaandika alichokikuta. Kazi hiyo inanuka, wala haina makofi. Lakini mnayo maabara hapo nyuma ya bwalo, na daftari mnazo. Wako watu wanaoambiwa hakuna tatizo kwa sababu tu hakuna aliyehesabu.

Naona mpishi amekwisha chungulia mlangoni mara mbili.