Gari Likiugua Injini: Tulitengeneze au Tuliuze?

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa tawi)



Katibu ameniomba niseme juu ya motokaa. Si kwamba mimi ni fundi. Ni kwamba nyote mlinicheka mwaka jana mliponiona nikisukuma gari langu mpaka kwenye lango la kazini. Basi leo nitawaeleza yaliyonipata.

Gari langu ni Toyota Probox. Nililinunua kwa mkopo wa chama chetu cha akiba na mikopo, na mkopo hukatwa katika mshahara kila mwezi. Yaani gari likifa, deni halifi. Siku moja tukipanda mlima injini ikachemka, moshi mweupe ukatoka nyuma, ikazima. Fundi wa kwanza alitazama dakika tano tu, akasema, "Injini hii imekwisha. Liuze upesi kabla watu hawajajua." Tena mtu wa kulichukua kwa shilingi 150,000 alikuwa naye tayari. Ndugu zangu, fundi anayekushauri kuuza huku mnunuzi yuko mfukoni mwake, huyo ni dalali.

Nami nilifikiri vibaya zaidi. Mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku alikuwa akitafuta gari. Nikasema moyoni, nitalisafisha, nitie oili mpya, nimwuzie yeye kwa bei ya gari zima. Usiku ule sikulala. Mwenzetu yule angechukua mkopo kama mimi, na mmoja wa wadhamini wake nilikuwa mimi mwenyewe! Gari lingemfia, asingeweza kulipa, na wadhamini tungekatwa mishahara.

Basi nikatafuta fundi wa pili. Huyu hakusema neno mpaka amepima. Alichomoa kijiti cha oili, oili ikawa kama chai ya maziwa. Maana yake maji yameingia. Akatoa plagi, akaweka kipimo cha kompresheni kila silinda. Mbili za katikati, zilizo jirani, zilikuwa chini; za pembeni nzuri. Akatia oili kidogo katika zile mbili, akapima tena, kipimo hakikupanda. Akanieleza kwamba kingepanda, ndipo tungeshuku ringi za pistoni, na hiyo ndiyo kazi ya gharama kubwa. Gasketi ya hedi ilikuwa imeungua kati ya silinda mbili, na hedi imepinda kwa joto. Hedi hizi ni za alumini, hazivumilii kuchemka. Ilipelekwa kwenye mashini ikasawazishwa. Jumla ya yote, shilingi 45,000.

Na chanzo chake? Mpira wa rediata uliopasuka kidogo, wa shilingi mia chache. Kila asubuhi nilikuwa nikiongeza maji, wala sikujiuliza yanakwenda wapi.

Sasa hesabu, maana hapa wengi hukosea. Mtu husema, "Elfu 45 ni nyingi, afadhali niuze." Lakini yeye hajajiuliza: hizo 150,000 zitaninunulia gari gani? Zitakununulia gonjwa la mtu mwingine, ambalo ugonjwa wake huujui. Langu likiwa zima wanunuzi walitaja 380,000. Kwa hiyo 45,000 zilinirudishia zaidi ya 200,000. Tena Serikali hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 8, kwa hiyo magari makuukuu yaliyomo humu bado yana wanunuzi.

Wengine hukimbilia Barabara ya Kirinyaga, ile iliyoitwa zamani Grogan, kununua injini ya mtumba. Haidhuru, lakini isikilize ikiwaka kwanza, na ukumbuke kwamba nambari ya injini imeandikwa katika hati ya gari. Ukibadili injini, badili na hati, la sivyo siku ya kuuza utaulizwa.

Kuna siku ya kuuza pia, sikatai. Bloku ikipasuka, au chuma cha chini kimeliwa na kutu, au fundi akimaliza hili kesho lazuka lile, wala gari halikuletei hata senti ya mafuta, basi uza. Ila mwambie mnunuzi ugonjwa wote, bei ishuke kwa sababu hiyo, muandikiane karatasi, na uhamishe umiliki siku ile ile. Gari likibaki kwa jina lako, makosa yake barabarani yatakuja mlangoni pako.

Yule mwenzetu wa zamu ya usiku nilimweleza yote baadaye. Alicheka, halafu akanyamaza kidogo, halafu akaniomba nimpeleke kwa yule fundi wa pili kila atakapokwenda kutazama gari la kununua. Tumekwisha kutazama matatu, na yote tumeyakataa.

Maswali nitayajibu sasa, ila ya gia msiniulize, huko sijafika.