Poti 502: Nani Aruhusiwe Kuuamuru Mtambo?



Januari 2024, katika baridi kali, majengo ya makazi zaidi ya 600 mjini Lviv, Ukraine, yalikosa joto kwa karibu siku mbili. Hakuna bomba lililopasuka. Kampuni ya usalama wa mitandao ya Dragos, iliyoichambua programu hasidi ya FrostyGoop iliyotumika huko, ilieleza kwamba amri zilipelekwa kwa vidhibiti vya mfumo wa kupasha joto kwa itifaki ya Modbus, ambayo poti yake, yaani mlango wake wa mtandao, ni 502.

Modbus ilibuniwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Enzi hizo waya ulikuwa ndani ya kiwanda, na aliyeufikia alikwishapita kwa mlinzi getini. Ndiyo maana Modbus haiulizi jina wala nywila. Ikiambiwa iandike namba kwenye rejista, yaani kihifadhi namba ndani ya kidhibiti, inaandika. Baadaye tukaiunganisha na mitandao ya ofisi, na kupitia mitandao hiyo tukaiunganisha na intaneti, tukaiacha na imani yake ileile.

Wanafunzi wetu tunawakaririsha: funga poti zote usizozihitaji. Sawa, lakini 502 inahitajika! Ukiifunga kabisa, chumba cha udhibiti hakioni kitu. Kwa hiyo sheria ya faiwoli, ukuta wa ulinzi wa mtandao, itaje kompyuta ipi inazungumza na kidhibiti kipi, kwa poti ipi, yasiyotajwa yakataliwe. Tena hata hapo kazi haijaisha. Katika Modbus, amri namba 3 husoma rejista. Namba 6 na 16 huandika. Seva inayokusanya takwimu za uzalishaji haina sababu ya kuandika chochote, basi faiwoli inayoielewa itifaki hii iiruhusu 3 na kuzizuia 6 na 16. Nani ajuaye hayo? Mhandisi wa mtambo. Fundi wa mtandao akiachiwa peke yake ataruhusu kila kitu, kwa kuogopa kusimamisha uzalishaji, na mimi simlaumu.

Wapo wanaobadilisha namba ya poti wakadhani wamejificha. Hatua hiyo hupunguza wapitanjia. Anayekagua poti zote ataikuta tu.

Gumu zaidi ni mgeni mwenye funguo halali. Tarehe 23 Desemba 2015, wateja wapatao 225,000 wa umeme nchini Ukraine walikatiwa umeme na wavamizi walioingia kwa nywila za wafanyakazi zilizoibwa, kupitia njia ya kufanyia kazi kwa mbali. Machoni pa faiwoli, hao walikuwa wafanyakazi. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mafundi waliweza kwenda vituoni na kuwasha swichi kwa mikono.

Kwa njia hiyo ya kufanyia kazi kwa mbali nadai mambo matatu: uthibitisho wa pili juu ya nywila, seva ya kati inayotenganisha ofisi na mtambo, na ruhusa yenye saa ya kufungwa, iliyosainiwa na mhandisi wa zamu.