Tochi Ikikosea: Ushahidi wa Mwendokasi na Njia ya Dereva Kupinga Faini

1. Istilahi

Madereva na askari waliomo ukumbini hawahitaji kufundishwa tochi ya kupima mwendo ni nini. Ya rada hurusha mawimbi na kusoma yanavyorudi. Ya leza hupima umbali mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kikomo kwenye makazi nchini Tanzania ni kilomita 50 kwa saa, na anayekizidi hutozwa faini. Hayo yaishie hapo.

2. Tatizo lenyewe

Suala ambalo mtoa mada amelipigia kelele kwa miaka ni moja tu: dereva huoneshwa namba, hapewi cha kuikagulia.

Trafiki mwenye tochi yuko nyuma ya mti, picha inarushwa kwa WhatsApp, mwenzake wa mbele anapunga mkono. Skrini ya simu inaonesha pua ya gari, saa na 71. Lori lililokuwa likilipita gari hilo limekatwa nje ya picha, ilhali mwali wa rada hutanuka kadiri unavyokwenda mbali na kitu kikubwa hurudisha mawimbi mengi zaidi.

Mwaka 2012 gazeti la The Baltimore Sun nchini Marekani liliandika habari ya Mazda iliyotozwa dola 40 kwa madai ya kwenda maili 38 kwa saa penye kikomo cha 25. Video ya kamera iliyoipima ilionesha gari limesimama kwenye taa nyekundu, taa za breki zikiwaka. Kwenye hati kulikuwa na saini ya polisi. Kampuni iliyoendesha kamera ilikiri baadaye kuwa kamera 5 zilikuwa na kiwango cha makosa cha zaidi ya asilimia 5, na mwaka 2013 mpango wa kamera hizo ukasimamishwa.

Huko Melbourne, Australia, Datsun 120Y kuukuu ilidaiwa kufikia kilomita 158. Ilipojaribiwa, haikufika hata 120.

Madereva hao waliokolewa na kipimo cha pili. Chukua picha mbili zilizopishana nusu sekunde: kwa kilomita 50 gari husogea mita 7, kwa 80 husogea mita 11. Mistari iliyochorwa barabarani kwa vipimo inatosha kuamua.

Mahakama ipo, lakini kesi hula siku nzima, na dereva wa basi ana abiria wanaogonga vioo. Analipa, na kwenye kumbukumbu anahesabiwa kuwa amekiri. Mada hii haimtuhumu askari yeyote. Hata askari aliyepima sawasawa hana cha kujitetea nacho.

3. Mapendekezo

(i) Dereva apewe picha mbili zenye saa, pamoja na eneo lote la barabara.
(ii) Mistari ya vipimo ichorwe panapopimwa mwendo.
(iii) Tochi iwe na stika ya uhakiki yenye tarehe, kama pampu ya mafuta.
(iv) Askari aandike magari mengine yaliyokuwepo.
(v) Pingamizi lipokelewe kwa simu, na deni lisimame hadi lijibiwe.
(vi) Kosa la kifaa likithibitika, faini zote za kifaa hicho tangu uhakiki wa mwisho zipitiwe upya.
(vii) Picha mbili, kama ilivyoelezwa kwenye (i), zitolewe hata dereva asipoziomba.