Noeli ya Kasulo: Nani Anakaribishwa Mezani?

Mazungumzo ya redio yaliyochapwa kwa ajili ya jamaa zilizohamishwa, wakubwa wa kartie na viongozi wa makanisa

Ninyi mnaokaa Kasulo, na ninyi mliotoka Kasulo mkaenda kujenga pengine, leo tunasema nanyi pamoja, kwa sababu neno hili ni la wote.

Mwezi wa Desemba ukifika Kolwezi, mvua inanyesha, barabara ni matope, na kila nyumba inapiga hesabu. Nguo za watoto. Kuku. Mafuta. Mchele, maana mtoto aliyekula bukari mwaka mzima anangojea wali wa Noeli. Korali zinafanya mazoezi mpaka usiku. Ni wakati wa furaha. Lakini tuseme ukweli: ni wakati wa maneno mengi pia. Na maneno yasiposemwa vizuri mchana, yatasemwa vibaya usiku, pombe ikiisha kuingia kichwani.

Neno la kwanza ni la tarehe. Kwenye avenyu moja utakuta Mkatoliki, Mmetodisti, Mwislamu, na ndugu wa kanisa lisilosherehekea Noeli hata kidogo. Utakuta pia Mkimbangu. Kanisa la Kimbangu lilihamisha Noeli mwaka 1999, na tangu hapo linaisherehekea tarehe 25 Mei. Wengine wanawacheka. Tusiwacheke. Simon Kimbangu alikufa mwaka 1951 hapa kwetu Katanga, katika gereza la Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, baada ya miaka 30 ya kufungwa. Mtu aliyelipa imani yake kwa bei hiyo, wafuasi wake wanastahili heshima. Hata ndugu zetu wa Ethiopia wanasherehekea tarehe 7 Januari, na hakuna anayesema kwamba si Wakristo.

Wazee wanakumbuka jambo lingine. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu iliondoa tarehe 25 Desemba katika siku kuu za nchi. Je, Noeli ilikufa? Haikufa. Watu walikwenda kazini, na Noeli wakaitunza moyoni na nyumbani. Basi, kama amri ya serikali haikuweza kuiondoa Noeli, jirani asiyeisherehekea ataiondoaje? Mwache akae kwa amani. Naye asiwaite wenye kuimba wapagani.

Neno la pili ni la feza. Zamani jamaa nyingi za Kolwezi zilingojea mshahara wa Gécamines kwa kununua vitu vya siku kuu. Kazi ile ilipoanguka katika miaka ya 1990, watu wengi wakaenda kwenye mashimo. Halafu mwaka 2014, mtu mmoja wa Kasulo alichimba katika parseli yake akakuta kobalti. Kwa muda mfupi watu walichimba ndani ya nyua, hata ndani ya vyumba vya kulala.

Tangu hapo, mabishano ya Desemba ni haya. Mzee anasema: «Tarehe 24 na 25, shimo lifungwe. Mvua imelainisha udongo, na siku ya Bwana iheshimiwe.» Kijana anajibu: «Mzee, njaa haina siku kuu. Nikikaa siku mbili bila kushuka, watoto wangu watakula nini?» Wote wawili wanasema kweli. Lakini udongo hausikilizi hoja ya mtu. Katika mvua, maji yanaingia shimoni na kuta zinaanguka. Baba anayeshuka siku ya mwisho kutafuta kiatu cha mtoto anaweza kumwachia mtoto yule kilio.

Kwa hiyo tunawaambia wamama na wababa: mtoto hatakufa kwa kuvaa nguo ya mwaka jana, iliyofuliwa vizuri na kupigwa pasi. Tunawaambia viongozi wa makanisa: msisome mbele ya watu majina ya waliotoa sana na waliotoa kidogo. Aibu ile inamsukuma maskini kwenye deni, na deni linamsukuma shimoni.

Neno la tatu ndilo zito zaidi. Mwaka 2017 jamaa nyingi za Kasulo zilihamishwa ili sehemu ya kartie igeuzwe mahali pa kuchimba penye ukuta. Ukuta ulijengwa, nyumba zikabomolewa. Tangu hapo ukuta mwingine umesimama, usioonekana kwa macho. Waliobaki wanawaambia waliohama: «Ninyi mlikula feza, mnarudi kutafuta nini?» Waliohama wanajibu: «Feza iliisha. Majirani hatukuuza, kaburi la mama hatukuuza, nafasi yetu katika korali hatukuuza.»

Ndugu, sikilizeni jibu hilo. Mtu akilipwa juu ya nyumba, amelipwa juu ya matofali na mabati. Hakuna anayeweza kumlipa mtu juu ya jirani aliyemsaidia kuzika. Tena Noeli ndiyo siku ambayo aliyehama anaona uchungu zaidi, kwa sababu ndiyo siku aliyozoea kubeba sahani iliyofunikwa kitambaa kupeleka kwa jirani. Kumbukeni habari yenyewe ya siku hiyo: ni habari ya mume na mke walio safarini, mke ana mimba, na nafasi haikupatikana nyumbani. Itakuwaje tuimbe habari hiyo, halafu tumfungie mlango aliyekuwa jirani yetu jana?

Neno la nne ni la ulimi. Hapa Kolwezi, Mlunda, Msanga, Mchokwe, Mluba wa Katanga na mtu wa Kasai wanakaa pamoja. Mwaka 1993 tuliona maneno «mwenyeji» na «wa kuja» yanafika wapi. Watu wa Kasai walifukuzwa nyumbani mwao, wakalala kituoni kungojea treni, na wengi walikufa, watoto pia. Mambo yale hayakuanza na panga. Yalianza na maneno, na maneno yalianza na mzaha. Siku ya Noeli, kijana akiisha kunywa lutuku na kuanza kumtukana mwenzake kwa kabila lake, mkubwa aliye karibu asicheke. Amnyamazishe saa ile ile.

Basi, wakubwa wa kartie na wachungaji, tunawaomba mambo manne. Kutaneni kabla ya tarehe 20 Desemba, wa makanisa yote na Waislamu pia, mpatane saa ya kuzima muziki. Zungumzeni na wachimbaji wenyewe, si juu yao bila wao, ili mashimo yapumzike siku mbili, na mchange chakula kwa nyumba zitakazokosa. Tumeni watu wawili au watatu kwa jamaa zilizohama, kuwaalika kwa jina. Na korali iwape nafasi waimbaji wake wa zamani.

Ninyi mliohama, mkialikwa, njooni. Madai yenu juu ya malipo ni haki yenu; yapelekeni kwa wakubwa wanaohusika, kwa maandishi, mkiwa pamoja. Lakini jirani mliyemwacha si yeye aliyejenga ukuta.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Amani ikae kwenu.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika avenyu yetu, ni nani hakualikwa mwaka jana? Kwa sababu gani?
2. Tufanye nini ili mchimbaji aweze kupumzika siku mbili bila watoto wake kulala njaa?
3. Ni maneno gani ya mzaha juu ya kabila au kanisa tunapaswa kuyaacha tangu leo?